Biblia Tatu za Kiswahili kwa Mtu wa Mjadala: Ipi Inahimili Swali la Neno?

Ukiuliza Biblia ipi ya Kiswahili ni nzuri, utajibiwa "ile unayoielewa." Kwa ibada ya nyumbani jibu hilo linatosha. Kwa mtu anayejibizana na asiyeamini pale Nyayo Gardens hapa Nakuru, Muliro Gardens kule Kakamega, au katika vikundi vya wabishi katikati ya mji wa Kisumu, halitoshi. Mabishano ya namna hiyo huanza na mambo makubwa, kama Mungu yupo au hayupo, lakini baada ya muda mfupi hukwama kwenye neno moja: bayana, bikira, ubaya, ndege. Likishakwama hapo, kitabu ulichoshika ndicho kinachokubeba au kukuangusha.

Hapa zimepimwa tatu ambazo duka lolote la vitabu vya dini linaweza kukuuzia: Union Version, Biblia Habari Njema, na Neno: Bibilia Takatifu ya shirika la Biblica. Ya nne ni programu ya simu, YouVersion, ambayo ni ya bure na ina zote tatu. Kipimo hakikuwa uzuri wa jalada wala urahisi wa kusoma. Kipimo ni mistari ambayo wasioamini huitoa mfukoni kila mara, na namna kila tafsiri inavyosimama neno likivutwa huku na huku.

Tuanze na Waebrania 11:1, kwa sababu karibu kila mjadala hupita hapo. Asiyeamini husema imani ni kukubali jambo bila ushahidi. Mkristo mwenye Union Version hufungua na kusoma kwamba imani ni "bayana ya mambo yasiyoonekana." Bayana ni neno zito, mtu aliyezoea Kiswahili cha pwani hulisikia kama neno la mahakamani, ushahidi uliowekwa wazi. Neno inatumia "udhahiri", ambalo ni jepesi kidogo lakini liko upande uleule. Habari Njema inaelekea kwenye kusadiki, yaani jambo limehamia moyoni mwa anayeamini. Mstari ni mmoja, ila hoja zimekuwa mbili: kwa bayana, imani ni ithibati, kwa kusadiki, imani ni hali ya mtu.

Nani yuko sawa? Kigiriki ni elenchos, na neno hilo linabeba yote mawili, ushahidi na usadikisho. Kwa hiyo Mkristo anayepiga meza kwa "bayana" amejenga juu ya nusu ya neno, na asiyeamini anayesoma Habari Njema na kusema "mnaona, ni hisia tu" amejenga juu ya nusu nyingine. Hata ukikubali bayana, sentensi bado haisemi kwamba imani inayo bayana. Inasema imani ndiyo bayana. Mpinzani mwenye akili atauliza: kitu kinawezaje kuwa ushahidi wa chenyewe? Jiandae kwa swali hilo kabla hujafungua kinywa.

Union Version ina mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Katika Yohana 20:29, Tomaso anaambiwa "umesadiki", na wa heri ni wale wasioona "wakasadiki." Mistari miwili chini, 20:31, kitabu kimeandikwa ili watu wapate "kuamini." Wako watu wanaosimamisha hotuba nzima juu ya tofauti hiyo: kusadiki ni kukubali bila kuona, kuamini ni kukubali baada ya kufikiri. Inapendeza kusikiliza, lakini Kigiriki cha sehemu zote mbili ni kitenzi kimoja, pisteuo. Tofauti ililetwa na watafsiri. Anayetegemea tofauti hiyo, awe Mkristo au asiwe, atavunjwa na mtu wa kwanza mwenye simu.

Tofauti ya kweli iko kwenye sarufi, na Kiswahili kinaionyesha wazi. "Naamini Mungu yupo" na "namwamini Mungu" ni sentensi mbili. Ya kwanza ni kukubali kwamba jambo ni kweli. Ya pili, yenye kile kiambishi -mw-, ni kumtegemea mtu. Yakobo 2:19 inasema mashetani nao huamini na kutetemeka. Hiyo ni ile ya kwanza. Mijadala mingi hupotea hapa: Mkristo anasema imani yake inatokana na kumjua Mungu kama mtu anavyomjua baba yake, yaani -mw-, na mwenzake anajibu kana kwamba amesema "naamini kwamba." Watazungumza mpaka jua lizame bila kukutana. Ukisikia neno kuamini, uliza papo hapo: kuamini kwamba, au kumwamini nani?

Sasa popo. Walawi 11:13 inaanza orodha ya ndege walio machukizo, na orodha inaishia na popo mstari wa 19. Asiyeamini husema: Mungu aliyeumba popo hajui kwamba popo hunyonyesha? Tafsiri nazo zinamsaidia, maana zinasema "ndege." Kiebrania ni of, kitu kirukacho. Ushahidi uko papo hapo kwenye sura: mstari wa 20 Kiebrania kinatumia neno hilohilo kwa wadudu, ila Union Version pale inasema wenye mabawa. Mtafsiri alilifasiri neno moja kwa njia mbili ndani ya sura moja, na msomaji wa Kiswahili hana namna ya kujua.

Wapo wanaojibu kwa mzaha kwamba hata ile inayotua Kisumu kutoka Nairobi ni ndege, na haitagi mayai. Jibu hilo huchekesha umati na lina kitu ndani yake: lugha hupanga vitu kwa matendo yao, na ndege kwa Kiswahili ni kinachoruka. Lakini lina tundu. Mswahili haiti popo ndege. Hadithi za watoto zinamweka popo katikati, si ndege wala mnyama, na hiyo ndiyo shida yake katika hadithi. Kwa hiyo "kwa Kiswahili popo ni ndege" si kweli. "Kwa Kiebrania popo ni of" ndiyo hoja. Isimamishe hapo na uache uwanja wa ndege.

Kwa sungura, sura ileile mstari wa 6, hakuna tafsiri kati ya hizi itakayokuokoa. Union Version inasema hucheua, na mtoto yeyote aliyechunga ng'ombe Bungoma au Nandi anajua kucheua ni nini: chakula kinapanda kutoka tumboni, kinatafunwa tena. Sungura hafanyi hivyo. Anachofanya ni kula kinyesi chake laini moja kwa moja kinapotoka, kisha kinasagwa mara ya pili. Watetezi husema Kiebrania kinaruhusu maana pana ya kukirudia chakula. Wapinzani hujibu kwamba kitenzi chake ni kupandisha. Hapo wapinzani wana nguvu zaidi. Mwandishi wa sheria alieleza mnyama kwa namna anavyoonekana akitafunatafuna, na ukilisema hivyo bila kuzunguka utaheshimiwa kuliko ukilazimisha kamusi.

Isaya 45:7 ndipo Union Version inapoonyesha umri wake. "Na kuhuluku ubaya." Kuhuluku ni kuumba, kwa Kiarabu, na leo ni wachache Nakuru wanaolitumia neno hilo nje ya mstari huu. Kila asiyeamini aliyekaa kwenye mjadala zaidi ya mwezi mmoja analijua kwa moyo, maana linasikika vibaya: Mungu anakiri kuumba uovu. Tafsiri za kisasa, Neno ikiwamo, zinazungumzia majanga au maafa. Kiebrania ni ra, neno linalobeba uovu, madhara, msiba, hata kitu kibovu tu. Kinachoamua ni jirani yake katika mstari: nuru inapingana na giza, na ra inapingana na shalom, ambayo Union Version yenyewe imeiita suluhu. Kinyume cha amani na suluhu ni vita na balaa kuliko dhambi. Hoja hiyo ni nzuri, nawe unaweza kuitoa ukiwa na Union Version hiyohiyo mkononi, kwa kuonyesha jozi. Usianze kwa kusema "tafsiri yangu nyingine inasema maafa." Umati utasikia kwamba umebadilisha kitabu. Na mpinzani akijua kazi yake atakupeleka Mwanzo 2:9, mti wa ujuzi wa mema na mabaya, ambako mabaya ni ra hiyohiyo.

"Usiue", Kutoka 20:13, ni fupi na ni ya hatari. Kwa Kiswahili kuua ni kuua: mbu, kuku, mtu, adui vitani. Basi mtu anauliza Mungu alikatazaje kuua halafu akaamuru Yeriko iangamizwe. Jibu lililozoeleka ni kwamba Kiebrania ratsach ni kuua kwa dhuluma tu. Wengi huliamini jibu hili kwa sababu wamelisikia mara nyingi, lakini si kamili. Hesabu 35 inatumia ratsach kwa mtu aliyeua bila kukusudia na akakimbilia mji wa makimbilio, na mstari wa 30 unaitumia hata kwa kumwua mwuaji kwa hukumu. Unachoweza kusema kwa haki ni kwamba ratsach si neno la kawaida la vita. Usizidishe hapo.

Isaya 7:14 ina historia ndefu. Kiebrania almah ni mwanamwali, msichana aliyekomaa. Neno lenye mkazo wa ubikira ni betulah. Tafsiri ya Kigiriki iliyofanywa kabla ya Kristo ilitumia parthenos, na Mathayo akaichukua hiyo. Union Version ya Kiswahili ilitoka nzima mwaka 1952 ikisema bikira. Mwaka huohuo huko Marekani ilitoka Revised Standard Version iliyosema mwanamke kijana, na kuna mchungaji aliyechoma ukurasa ule hadharani. Sisi huku tulisoma bikira na hatukujua kuna vita.

Wakristo husema parthenos ni bikira tu, basi. Wafungue Mwanzo 34:3, ambako Kigiriki kilekile kinamwita Dina parthenos baada ya Shekemu kumfanyia jeuri. Wapinzani husema almah haiwezi kamwe kuwa bikira. Nao wafungue Mwanzo 24: Rebeka ni betulah mstari wa 16, kisha almah mstari wa 43. Hiki ndicho kipimo kizuri cha dukani: linganisha neno ambalo Biblia unayonunua imetumia Isaya 7:14 na lile la Mwanzo 24:43. Maneno yakiwa tofauti, umeona kwa macho yako mtafsiri akiamua, na angalia chini ya ukurasa kama amekiri.

Yohana 1:1 si hoja ya wasioamini sana, ila wao hupenda kuwachonganisha Wakristo na Mashahidi wa Yehova kwa mstari huu. Kiswahili hakina kibainishi kama Kigiriki, yaani neno kama "the" la Kiingereza, kwa hiyo tofauti ya "Neno alikuwa Mungu" na "Neno alikuwa mungu" ni ukubwa wa herufi. Kwenye kipaza sauti herufi kubwa haisikiki. Kingine, tafsiri zote hizi zinasema Neno alikuwa, si lilikuwa. Neno ni la ngeli ya li-ya. Kulivika a- ya viumbe wenye uhai ni tafsiri tayari, imeshaamua kwamba Neno ni nafsi. Hali ni hiyo kwa Roho Mtakatifu, ambaye kwa Kigiriki ni neno lisilo la kiume wala la kike. Sidhani watafsiri walikosea, sarufi yetu iliwalazimisha kuchagua. Lakini usitumie ile a- kama ushahidi.

Baada ya hayo, vitabu vyenyewe.

Union Version ilizaliwa kwa kuunganisha kazi mbili, Biblia ya Kiunguja iliyotoka 1891 na ya Kimvita iliyotoka 1914, na Agano Jipya lake likatangulia mwaka 1950. Ndiyo maana maneno yake ya Kiarabu yamekaa imara. Kabla yake Mjerumani Karl Roehl alitoa yake mwaka 1937 akijaribu kuyang'oa maneno hayo na kuweka ya Kibantu, na haikushika. Ubora wa Union kwa mjadala ni mmoja na unatosha: ndiyo ambayo watu wanaokuzunguka wameikariri. Ukiisoma, mama aliyesimama na mboga zake atamalizia mstari. Inafuata pia neno kwa neno kuliko nyingine, kwa hiyo ni rahisi kuirudisha kwenye Kigiriki. Ubaya wake: chapa nyingi za bei nafuu hazina maelezo ya chini hata moja, maandishi ni madogo, na karatasi ni nyembamba kiasi kwamba wino wa kalamu unatokea upande wa pili. Tumia penseli. Alama 4 kati ya 5.

Neno inashika nafasi ya pili. Nguvu yake ni maelezo chini ya ukurasa, yanayosema pale ambapo maana nyingine inawezekana. Kwa mtu anayebishana juu ya maneno, hiyo ni mali. Kiswahili chake ni cha katikati, hakikutupi nyuma wala hakikuburuti mtaani. Tatizo ni kwamba umati hauijui, na mstari usiofahamika hushukiwa. Alama 4 kasoro kidogo.

Habari Njema, kazi ya pamoja ya Wakatoliki na Waprotestanti ambayo Agano Jipya lake lilitoka 1977 na Biblia nzima katika miaka ya 1990, ndiyo tamu kuliko zote kusoma. Kwa kijana wa kidato cha pili ndiyo ya kwanza kumpa. Kwa mabishano ya neno ndiyo ya mwisho, kwa sababu inatafsiri maana badala ya maneno. Mahali pa utata imeshakuchagulia jibu. Jina la Mungu limekuwa Mwenyezi-Mungu kotekote, hivyo hoja yoyote inayotegemea jina lenyewe la Kiebrania haionekani tena. Chapa yenye vitabu vya deuterokanoni, vile ambavyo Wakatoliki huvikubali ndani ya Biblia na Waprotestanti hawavikubali, inafaa ukiwa na Wakatoliki kwenye mduara. Kwa kazi hii, alama 2 na nusu.

YouVersion ni msaidizi mzuri na ni bwana mbaya. Gusa mstari, chagua kulinganisha, na tafsiri zinapangwa moja chini ya nyingine. Pakua unazoruhusiwa kupakua ukiwa bado nyumbani, maana si zote zinaruhusiwa, na bando likiisha katikati ya hoja utaonekana umekimbia. Jua la saa saba Kisumu halikuachi uone kioo. Kutafuta Kiebrania na Kigiriki kunahitaji programu nyingine. Blue Letter Bible ni ya bure, ila ni ya Kiingereza. Humo kila neno la Kiebrania au Kigiriki lina namba yake katika faharasa ya Strong: almah ni H5959, ratsach H7523, ra H7451, elenchos G1650. Andika namba hizo kwa penseli pembeni ya mstari katika Union yako, na siku ya kuulizwa hutatapatapa.

Kosa kubwa la wenye programu hizi, wa pande zote mbili, ni kufungua orodha ya maana kumi za neno na kuchagua inayowapendeza kama anayechagua mitumba soko la Kibuye. Neno halibebi maana zake zote kila mahali. Soma kwanza mistari mingine mitano ambako namba ileile imetumika, hasa kitabu kilekile, ndipo useme.

Na kuna maneno ambayo hakuna Biblia itakusaidia, kwa sababu hayamo ndani yake bali kinywani mwenu. Ushuhuda na ushahidi vyote vimetoka kwa shahidi. Kanisani ushuhuda ni kusimulia alichokutendea Bwana. Mpinzani akiomba ushahidi anataka kitu ambacho hata yeye anaweza kukikagua. "Sina dini, nina wokovu" ni kauli tamu, lakini asiyeamini hataikubali, na hana sababu ya kuikubali, maana kwake unachokifanya Jumapili ni dini. "Nadharia tu" kuhusu mageuko ya viumbe ni kosa la upande wa Wakristo: kwa mwanasayansi nadharia ni maelezo yaliyopimwa, kwa mtaani ni dhana. Upande wa pili nao una lake. "Siamini Mungu yupo" na "naamini Mungu hayupo" si kitu kimoja. Ya kwanza haina dai la kuthibitisha, ya pili inalo. Wengi wao husema ya pili, wakibanwa wanarudi kwenye ya kwanza. Waulize mapema wako wapi, na uwaandikie.

Kumwita mwenzako kafiri au mpagani, au kumsomea Zaburi 14:1 juu ya mpumbavu, huua mjadala papo hapo. Isitoshe, nabal ya mstari ule ni mpotovu wa tabia zaidi ya mjinga wa akili, hivyo hata likitumika kuwa tusi, halifai.

Ukienda kununua, nunua Union Version yenye herufi kubwa na pembezo pana, si ya zipu. Zipu huchana kurasa za mwisho, na Ufunuo ndio wa kwanza kutoka. Fungua Marko 16:9 na Yohana 7:53 uone kama kuna mabano au maelezo, maana sehemu hizo hazimo katika nakala kadhaa za kale na utaulizwa. Fungua Walawi 11 na Isaya 45. Kurasa zilizogandana au zilizochapwa mara mbili hutokea kwenye chapa za bei ya chini, basi pekua zote ukiwa bado kaunta.